Ligamenti ndogo inayoweza kulifunga bega zima

Ndani ya bega la binadamu umo ukanda mfupi uitwao ligamenti ya korakohumero. Aghalabu mtu huishi nao miaka mingi bila kujua kuwa upo, hadi siku anaposhindwa kuchana nywele au kuvaa shati.

Ukanda huo huanzia kwenye korakoidi, ncha ya kombe la bega iliyopinda mithili ya kidole, na kuishia kwenye vinundu vya kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, ukiwa umeshikamana na mfuko unaokizunguka kiungo. Mkono unapogeuzwa kuelekea nje, ukanda huo hukaza na kuuwekea kikomo.

Kazi hiyo ndiyo inayoufanya uwe muhimu kwa matabibu. Katika maradhi ya bega lililoganda, jina lililotolewa na daktari mpasuaji wa Marekani, Ernest Codman, mwaka 1934, ukanda huo huwa mnene na kusinyaa pamoja na mfuko wa kiungo. Maumivu hutangulia, hasa usiku, ugumu hufuata. Waathirika wengi wana umri wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari wamo katika hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo, mtu ambaye bega lake limeganda bila ya kuumia hafanyi vibaya akipima sukari.

Picha ya eksirei mara nyingi haioneshi kasoro, na wapo wagonjwa wanaodhaniwa kuwa wanajisingizia. Hata hivyo picha hiyo huhitajika, kwa kuwa kiungo kilicholika au bega lililoteguka kwa nyuma huzuia mwendo huo huo. Kipimo chenye maana zaidi ni cha mikono: mgonjwa hukunja kiwiko na kukibana ubavuni, kisha daktari huugeuza mkono kuelekea nje. Kano ya msuli ikichanika, mgonjwa huweza kushindwa kuugeuza mwenyewe lakini daktari akaweza. Bega likiganda, hata daktari hukwama.

Wengi hupata nafuu, ingawa huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Mazoezi ya taratibu husaidia, na sindano ya steroidi hupunguza maumivu ya mwanzo, lakini kwa mwenye kisukari huweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Kuvutwa mkono kwa nguvu na mtu asiye na ujuzi ni hatari, kwani mfupa huweza kuvunjika. Tiba hizo zikishindikana, mpasuaji huingiza kamera nyembamba ndani ya kiungo na kuukata ukanda uliosinyaa.