Mahakama za Kadhi: Suala lililowagawanya Wakristo wa Kenya, na uzito wake Lamu

Tofauti za kisiasa baina ya Wakristo wahafidhina na wenzao wapenda mageuzi nchini Kenya zimejitokeza kwa sura nyingi tangu miaka ya 1980: uchaguzi wa mlolongo, vyama vingi, sheria ya utoaji mimba na michango ya wanasiasa makanisani. Hata hivyo, ni masuala machache yaliyoibua mgawanyiko huo waziwazi kama nafasi ya Mahakama za Kadhi katika Katiba. Mjadala wenyewe ulivuma zaidi Nairobi, lakini chimbuko lake ni Pwani, na uzito wake huonekana vyema Lamu, ambako Waislamu ndio wengi visiwani na Wakristo wengi huishi upande wa bara, katika maeneo kama Mpeketoni, Hindi na Witu.

Ahadi ya mwaka 1963

Mahakama za Kadhi zilikuwapo katika miji ya Waswahili kabla ya kuja kwa ukoloni. Mwaka 1895 Uingereza ilitia saini mkataba na Sultani wa Zanzibar, ikapewa mamlaka ya kutawala ukanda wa Pwani wenye upana wa maili 10 pamoja na visiwa vya Lamu, kwa sharti kwamba dini na sheria za wenyeji zingeheshimiwa. Kwa sababu hiyo Pwani iliitwa Himaya, tofauti na Koloni la bara.

Uhuru ulipokaribia, baadhi ya Wapwani walitaka ukanda huo ujitenge. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliandikiana barua za makubaliano. Sultani aliachilia madai yake ya ukanda, nayo serikali ya Kenya ikaahidi kuhifadhi mahakama za Kadhi. Mamlaka yake yalibanwa: ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale tu wahusika wote ni Waislamu. Mkristo wa Mpeketoni hawezi kulazimishwa kusimama mbele ya Kadhi wa Lamu.

Mirengo miwili

Mgawanyiko wa Wakristo, kwa upande wake, ulianzia kwingine. Mwaka 1986 Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) lilipopinga upigaji kura wa mlolongo, kanisa la Africa Inland, alikosali Rais Daniel arap Moi, lilijiondoa katika baraza hilo. Maaskofu wa Kianglikana Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge waliendelea kuikosoa serikali. Muge alifariki katika ajali ya barabarani Agosti 14, 1990. Januari 1 mwaka huohuo, Kasisi Timothy Njoya wa kanisa la PCEA alikuwa ametoa mahubiri yaliyoashiria kwamba utawala wa chama kimoja ulikuwa umefika ukingoni.

Wahafidhina walishika mafundisho ya kutii mamlaka na kulitaka kanisa lishughulikie wokovu wa roho. Wapenda mageuzi walisema kwamba dhuluma ya dola ni dhambi kama dhambi nyingine, na kwamba mhubiri anayeinyamazia ameacha wito wake.

Mwishoni mwa mwaka 1999 mrengo wa mageuzi ulifikia kilele. Makanisa yaliungana na Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya (SUPKEM) na Wahindu katika Ufungamano, vuguvugu lililodai Katiba iandikwe na wananchi wenyewe. Lakini rasimu zilipoanza kuandikwa na Mahakama za Kadhi zikajitokeza humo, umoja huo ulivunjika. Katika kongamano la Bomas la mwaka 2003 na 2004, viongozi wengi wa makanisa walipinga kipengele hicho, na mwaka 2004 baadhi yao wakafika Mahakama Kuu kutaka kifutwe hata katika Katiba iliyokuwapo.

Kura ya maoni ya 2010

Safari hii mipaka ya zamani ilichanganyika. NCCK, iliyokuwa ngome ya mageuzi, ilijikuta upande mmoja na makanisa ya kiinjili yaliyowahi kuipinga. Maaskofu wa Kikatoliki, wakiongozwa na Kadinali John Njue, nao waliikataa rasimu, hasa kwa sababu ya kifungu cha 26 kinachoruhusu utoaji mimba katika hali maalumu. Kampeni ya "La" iliongozwa kisiasa na William Ruto, akiungwa mkono na Rais mstaafu Moi. Shirika la kisheria la wahafidhina wa Marekani lililoanzishwa na mhubiri Pat Robertson, kupitia ofisi yake ya Nairobi, nalo lilipinga rasimu hiyo.

Hoja ya wapinzani haikuwa ya kubezwa. Walisema kifungu cha 8 kinatamka kwamba hakuna dini ya taifa, hivyo kuitaja mahakama ya dini moja katika Katiba na kuilipia kwa kodi ya wote ni upendeleo. Mei 24, 2010, majaji watatu wa Mahakama Kuu walikubaliana na hoja hiyo kuhusu Katiba ya zamani, ingawa uamuzi wao haukuzuia kura.

Njoya aliunga mkono "Ndio". Wakristo wa mrengo huo walijibu kwamba mahakama hizo hazikuwa jambo jipya, kwamba haziwagusi wasio Waislamu, na kwamba kuangusha Katiba nzima ili kuondoa ahadi ya mwaka 1963 ni kuvunja agano lililowaleta Wapwani katika Kenya. Agosti 4, 2010, asilimia 67 ya wapiga kura waliikubali Katiba. Katika Mkoa wa Pwani, waliosema "Ndio" walikaribia wanane kati ya kila kumi.

Mzigo wa walio wachache

Kwa Mkristo wa Lamu suala hili lina uzito wa pekee. Wengi wa Wakristo hao ni familia za wakulima kutoka bara waliopewa mashamba katika mradi wa makazi wa Lake Kenyatta, Mpeketoni, ulioanzishwa mapema miaka ya 1970. Wenyeji wengi wamelalamika kwamba wao hawakupata hati za ardhi ya mababu zao. Hivyo malalamiko ya ardhi, kabila na dini yamefungwa katika fundo moja, na neno linalotamkwa jukwaani Nairobi kuhusu "Uislamu wa Katiba" hufika Lamu likiwa limebeba mengine.

Hatari ya fundo hilo ilidhihirika Juni 15, 2014, washambuliaji walipovamia Mpeketoni. Zaidi ya watu 60 waliuawa mjini humo na vijijini jirani kwa siku mbili. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika. Rais Uhuru Kenyatta alilaumu mitandao ya kisiasa ya humu nchini. Manusura walisimulia kwamba wanaume waliulizwa dini yao kabla ya kupigwa risasi. Waliotaka kuwasha vita vya dini walipata cheche, na kazi ya kuizima iliwaangukia makasisi na maimamu waliokuwa wamezoea kuketi pamoja, wakiwemo wa baraza la viongozi wa dini la Pwani, CICC. Padri Wilybard Lagho, aliyewahi kuliongoza baraza hilo, alikuwa Askofu wa Jimbo Katoliki la Malindi mwaka 2021, na Lamu imo katika jimbo hilo.

Mirengo yaendelea kubadilika

Tangu hapo hoja zimehama. Mwaka 2022 viongozi wengi wa kiinjili walimuunga mkono Ruto kuwania urais. Novemba 2024 maaskofu wa Kikatoliki, waliokuwa naye upande wa "La" mwaka 2010, waliishutumu serikali yake, na Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akakataa mchango wa Rais kwa parokia moja.

Kwa hiyo majina ya "mhafidhina" na "mpenda mageuzi" hayamfuati mtu au kanisa daima. Hutegemea swali lililo mezani. Swali la mwaka 2010 lilikuwa hili: je, Mkristo aliye wengi kitaifa atumie kura yake kuondoa haki ya jirani aliye wachache? Huko Lamu, ambako Mkristo mwenyewe ndiye aliye wachache, jibu lake linamhusu mara mbili. Mahakama za Kadhi zingali katika kifungu cha 170.