Barua Iliyokunjuliwa Mbele za Bwana

Somo: Isaya 36 na 37

Leo twataka kuzungumza nawe juu ya utulivu wa moyo wakati wa taabu. Tutaanza mahali pamoja nje ya ukuta wa Yerusalemu: penye mfereji wa birika la juu, katika njia kuu iendayo uwanja wa dobi. Katika kitabu cha Isaya mahali hapo pametajwa mara mbili, na kati ya mara hizo mbili ilipita miaka zaidi ya 30.

Mara ya kwanza ilikuwa kama mwaka 734 K.K. Mfalme Ahazi alikuwa amepata habari kwamba wafalme wa Shamu na Israeli wameungana kumpiga. Yeye na watu wake wakatetemeka. Isaya alimkuta hapo penye mfereji, akampa neno la Bwana: atulie, asiogope. Lakini Ahazi hakutulia. Alichukua fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana, akampelekea mfalme wa Ashuru ili aje kumwokoa. Mwashuri akaja kweli, lakini aliyeitwa kuwa msaidizi akageuka kuwa bwana. Tangu hapo Yuda ikawa chini yake, ikitoa kodi.

Hezekia mwana wa Ahazi alirithi kiti cha baba yake pamoja na mzigo huo. Alikuwa mtu mcha Mungu, aliyeziondoa sanamu na kuifungua tena milango ya hekalu. Hata hivyo, hofu ya baba ilibisha mlangoni kwa mwana. Mfalme Sargoni wa Ashuru alipokufa mwaka 705 K.K., nchi nyingi ziliasi, na Hezekia naye akaacha kutoa kodi. Ndipo wakuu wa Yuda wakatuma wajumbe Misri, wakitafuta farasi na magari ya vita. Isaya aliwaonya kwamba nguvu zao hazimo katika farasi wa Misri, bali katika kumrudia Mungu na kutulia mbele zake. Hawakusikia.

Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme mpya wa Ashuru, alikuja na jeshi lake. Habari hizi hazimo katika Biblia peke yake. Mwaka 1830 huko Ninawi lilipatikana gogo la udongo wa kuchomwa lenye pande sita, nalo sasa limewekwa London. Juu yake Senakeribu alijisifu kwamba aliteka miji 46 ya Yuda yenye maboma, na kwamba alimfungia Hezekia mjini mwake kama ndege tunduni. Zimepatikana pia picha zilizochongwa katika mawe ya jumba lake, zikionyesha kuanguka kwa mji wa Lakishi. Twawaona wanaume, wanawake na watoto wakitoka na mizigo yao, na magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakienda uhamishoni.

Hezekia akaogopa. Alituma watu Lakishi kumwambia Senakeribu kwamba amekosa, naye atalipa chochote atakachotozwa. Akatozwa talanta 300 za fedha na talanta 30 za dhahabu. Ili apate mali hiyo, Hezekia alibandua dhahabu katika milango ya hekalu, dhahabu ambayo yeye mwenyewe aliitia. Alilipa, na jeshi likaja vilevile.

Basi amiri wa Senakeribu akasimama. Wapi? Penye mfereji wa birika la juu, katika njia kuu iendayo uwanja wa dobi. Pale pale ambapo baba aliambiwa atulie akakataa, sasa adui alisimama kumtisha mwana. Alipaza sauti kwa Kiebrania ili watu walioketi ukutani wamsikie. Akaidharau Misri, na kwa hilo alisema kweli. Kisha akamdharau Mungu aliye hai. Watu wale ukutani hawakumjibu neno, kwa maana mfalme aliwaagiza wanyamaze.

Baadaye ikaja barua ya vitisho. Hezekia aliipokea, akaisoma, akapanda nayo nyumbani kwa Bwana, akaikunjua mbele zake, akaomba. Safari hii hakutuma mjumbe Misri, wala hakutafuta dhahabu nyingine. Biblia yatuambia jinsi Bwana alivyolipiga jeshi lile, na Senakeribu akarudi kwao. Hata katika maandishi yake ya majivuno, Senakeribu hakusema popote kwamba aliuteka Yerusalemu.

Ndugu mpendwa, sisi nasi twazijua barua za namna hiyo. Yaja barua ya karo kutoka shuleni, au majibu ya daktari, au notisi ya kutuondoa katika shamba tulilozaliwa. Mara nyingi twafanya kama Ahazi: twakimbia ofisi hadi ofisi tukimtafuta mkubwa anayetujua, na kumwomba Mungu twaacha kuwe kwa mwisho, njia nyingine zote zikishafungwa.

Kutulia si kukaa bure. Hezekia alichimba mfereji chini ya mwamba, wenye urefu wa kama mita 533, ili maji ya Gihoni yaingie mjini. Mafundi walianza pande mbili, wakakutana katikati, kama yasemavyo maandishi yaliyopatikana mle ndani mwaka 1880. Isaya hakuwakemea watu kwa sababu walitengeneza maji yao. Aliwakemea kwa sababu walitazama birika wasimtazame aliyeyafanya hayo tangu zamani. Basi tulipe karo, twende hospitali, tujitetee kwa haki. Lakini macho yetu yawe kwa Bwana.

Tena tusidanganyane. Yerusalemu uliokoka, lakini Lakishi ulianguka, na watu wa Lakishi nao walikuwa watu wa agano lile lile. Wako kati yetu walioomba kwa machozi, na bado wakazika mpendwa wao. Je, Mungu hakuwasikia? Ng'ambo ya bonde la Kidroni, si mbali na chemchemi ya Gihoni, ipo Gethsemane. Hapo Bwana Yesu alimweleza Baba yake haja yake yote, na kikombe hakikuondolewa. Lakini aliinuka akiwa ametulia, akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Siku ya tatu Mungu alijibu kwa namna kuu kuliko kuokoka kwa mji. Kwa hiyo hata aliye Lakishi hayuko mbali na mkono wake.

Hezekia alichelewa. Alijaribu Misri kwanza, akajaribu dhahabu, ndipo akapanda hekaluni. Na Bwana hakumfukuza kwa kuchelewa kwake. Usiku wa leo, kabla hujalala, ichukue barua yako, piga magoti, uikunjue mbele za Bwana.

Na tuombe. Ee Baba, tumekimbia huku na huku na tumechoka. Tusamehe. Pokea barua zetu, uzisome wewe. Tufundishe kunyamaza mbele ya vitisho na kusema mbele zako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.