Kodi ya Nyumba na Elimu ya Mtoto: Kesi ya San Antonio

Akiulizwa shule huendeshwa kwa fedha za nani, mtu hujibu upesi: za serikali. Huko Marekani jibu hilo halitoshi. Tangu zamani, sehemu kubwa ya fedha za shule imetokana na kodi ya ardhi na majengo, ambayo kila wilaya ya shule huitoza mali iliyomo mipakani mwake. Basi mtoto wa mtaa wa nyumba duni husomeshwa kwa thamani ya nyumba hizo hizo.

Jambo hilo lilidhihirika katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas. Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wa Edgewood, wilaya maskini ambayo wakazi wake wengi walikuwa wa asili ya Meksiko, walitoka madarasani kulalamikia majengo mabovu na uhaba wa walimu wenye sifa. Mwaka huo huo Demetrio Rodriguez na wazazi wenzake wakafungua kesi.

Hesabu za mwaka wa masomo 1967-68 zilisema mengi. Edgewood ilitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Baada ya kutoa mchango wake katika mfuko wa jimbo, ilibakiwa na dola 26 kwa kila mwanafunzi. Alamo Heights, wilaya ya wenye nafasi mjini humo humo, ilitoza senti 85 tu, ikabakiwa na dola 333. Aliyetozwa kwa kiwango kikubwa ndiye aliyevuna haba. Wala mpangaji hakuepuka: yeye haletewi hati ya kodi, lakini mwenye nyumba aweza kuijumlisha katika pango.

Mwaka 1971 mahakama ya shirikisho iliwapa wazazi haki. Tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo, majaji 5 dhidi ya 4, ikisema elimu si haki ya msingi iliyolindwa na katiba ya taifa. Miongoni mwa waliopinga alikuwamo Thurgood Marshall, yule aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya mkutanoni Lancaster House, London, mwaka 1960.

Ilipofika 1989, Mahakama ya Juu ya Texas, kwa kauli moja, iliubatilisha mpango huo kwa katiba ya jimbo. Sheria ya 1993 ikazilazimisha wilaya tajiri kuzigawia nyingine.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Cha Edgewood hakikujaa, kwa kuwa kila mtaa uliachiwa kibaba chake.