Vitu Vilivyofika Kigoma kwa Vipande

Msafiri wa zama za misafara aliyeondoka Bagamoyo akaishika njia ya Tabora hata akawasili Ujiji alikuwa ametembea miezi mingi, na kila alichokuwa nacho kilibebwa na mpagazi ambaye mzigo wake aghalabu haukuzidi frasila mbili, yaani ratili sabini hivi. Kipimo hicho ndicho, kwa maoni yangu, kilichowafundisha watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika sanaa ya kupokea kitu kisichokuwa kamili na kukikamilisha papo hapo. Kwani kisichogawanyika hakikufika.

Meli ya wamisionari wa London iliyoitwa Good News ililetwa kwa vipande na kushushwa ziwani mwaka 1885, na Wajerumani wakafuata na Hedwig von Wissmann mwaka 1900. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ungedhani desturi ile imekoma, lakini ilizidi kukua. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ilifunguliwa tena, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa gari la moshi, na ikaunganishwa upya Kigoma hata ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi isije ikatwaliwa na adui. Ila kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo ile imesalimika, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mimi humstahi mno fundi aliyeupaka grisi mtambo asiojua kama utaonekana tena juu ya maji.

Mrithi wa desturi hiyo leo ni kitu cha kushikwa kwa mkono mmoja: betri ya pikipiki. Asili yake ni betri ya risasi aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, mwaka mmoja tu baada ya wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke kufika Ujiji. Zipo zinazofungwa kabisa kiwandani, lakini zile za kujazwa husafiri kavu, asidi ikiwa mbali katika chupa yake, kwa kuwa mabamba ya risasi yakiwa makavu hukaa kama yaliyolala, na yakiguswa na asidi huamka mara moja wala hayalali tena. Hivyo mafundi wa Kigoma na Ujiji huimalizia kazi ya kiwanda, kama walivyofanya waunganishaji wa meli.

Na kazi hii ina hadhari zake. Kwanza huondolewa kizibo cha tundu la hewa, maana betri hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikikosa pa kutokea, au ikikutana na sigara, hupasuka. Fundi aliyevaa miwani na glavu huijaza asidi polepole vyumba vyote sita mpaka alama ya juu, huiacha nusu saa au zaidi hata mapovu yaishe, kisha huongeza palipopungua. Hapo huichaji kwa umeme mdogo, sehemu ya kumi ya uwezo wake: betri ya amperi-saa 7 hupewa amperi 0.7 tu, kwa saa nyingi. Mwenye haraka huiunguza siku ileile aliyoinunua. Baadaye maji yakipungua haiongezwi asidi, bali maji ya betri yaliyosafishwa. Wala yasitumiwe maji ya ziwa, ambayo yana madini mengi mno yaliyoyeyuka. Lakini asidi ikimrukia mtu ngozini au jichoni, hapo maji safi, mengi na ya haraka, ndiyo dawa ya kwanza, kisha aende hospitali.

Katika kufunga, utaratibu una sababu yake. Chesisi ya pikipiki imeunganishwa na upande wa hasi. Kwa hiyo betri ya zamani hufunguliwa hasi kwanza, na mpya hufungwa chanya kwanza na hasi mwisho, ili spana ikiteleza ikagusa chuma isitoe cheche. Mpira wa kutolea hewa hupitishwa mbali na mnyororo na ekzosi, pasipo kukunjwa wala kubanwa.

Betri za namna hiyohiyo zimeingia pia katika uvuvi wa dagaa, ambao ni uvuvi wa usiku na wa taa. Wazee waliwavuta dagaa kwa mienge, wakaja wenye karabai za mafuta ya taa, na sasa mitumbwi hutoka na taa za umeme zinazowashwa kwa betri. Na huko majini betri iliyojazwa vibaya humwacha mvuvi gizani, mbali na nchi kavu.

Mwisho kabisa, vichwa vya waya vikiisha kukazwa, fundi huchovya kidole katika kopo la grisi akavipaka vyote viwili, chanya na hasi, ndipo akafungua swichi.