Birmingham ya Van Nuys: Wodi Zilizogeuka Madarasa

Kabla hakijawa cha wanafunzi, kiwanja cha Shule ya Sekondari ya Birmingham kilikuwa cha majeruhi. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto, jeshi la Marekani lilifungua hospitali kubwa katika Bonde la San Fernando, sehemu ya Van Nuys ambayo leo huitwa Lake Balboa, ndani ya jiji la Los Angeles. Hospitali ilipewa jina la Brigedia Jenerali Henry Patrick Birmingham, daktari wa jeshi, na shule ikalirithi jina hilo pamoja na ardhi. Vita ilipokwisha, hospitali ilikabidhiwa idara ya serikali inayowahudumia askari wa zamani.

Nataka kukaa kidogo kwenye miaka hiyo, maana ndiyo iliyokifanya kiwanja hiki kiwe tofauti na viwanja vingine vya shule. Birmingham ilipokea vijana waliovunjika uti wa mgongo na kupooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Kabla ya vita hiyo, askari aliyeumia hivyo kwa kawaida hakuwa na maisha marefu: vidonda vya kulala na maambukizi ya kibofu na figo vilimmaliza. Penisilini ilisaidia, lakini peke yake isingetosha. Ilihitajika pia kazi ya mikono isiyo na sifa, ya kumgeuza mgonjwa kitandani mchana na usiku, kusafisha vidonda, kuangalia kibofu. Dakta Ernest Bors, aliyeongoza wodi hizo, aliwasisitizia vijana wake kwamba wataishi, na kwa hiyo wajifunze kuishi.

Wakajifunza kwa kucheza pia. Mwaka 1946 wagonjwa wa Birmingham waliingia uwanjani kucheza mpira wa kikapu wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na mchezo huo unahesabiwa miongoni mwa ya kwanza kabisa ya aina yake nchini Marekani. Viti vyepesi vya mabomba ya chuma vinavyokunjwa vilikuwa vikitengenezwa huko huko Los Angeles na kampuni ya Everest & Jennings, na bila wepesi huo mchezo usingewezekana. Mchezaji anasukuma gurudumu kwa viganja, anasimama ghafla, anageuka papo hapo, anarusha mpira kwa nguvu za mabega tu. Timu yao, Flying Wheels, ilizunguka miji mingi ya Marekani, na watazamaji waliokuja kwa huruma wakajikuta wanashangilia magoli. Mwaka 1949 Marlon Brando, kijana aliyejulikana jukwaani tu, alilala wodini pamoja na wagonjwa kwa wiki kadhaa akijiandaa kwa filamu yake ya kwanza, *The Men*, ya mwongozaji Fred Zinnemann. Wagonjwa wenyewe wanaonekana ndani ya filamu hiyo.

Mwaka 1950, filamu ilipotoka, hospitali ilifungwa na wagonjwa wakahamishiwa Long Beach. Wakati huo Bonde la San Fernando lilikuwa likijaa watu kwa kasi. Mashamba ya michungwa na jozi yaling'olewa yakapandwa nyumba. Kiwanda cha magari cha General Motors kilikuwa kimefunguliwa Van Nuys mwaka 1947, na viwanda vya ndege vilikuwa vinaajiri. Kati ya 1950 na 1960 idadi ya wakazi wa bonde iliongezeka karibu maradufu. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na hapa palikuwa na majengo matupu. Mwaka 1953 Birmingham ikafunguliwa kama shule, na watoto wakaketi kusoma katika majengo yaliyojengwa kwa ajili ya vitanda.

Waliopita hapo ni wengi. Sally Field, aliyekuja kushinda Oscar mara mbili, alikuwa akiongoza ushangiliaji wa timu za shule mwanzoni mwa miaka ya 1960. Daniel Pearl alihitimu mwaka 1981, akawa mwandishi wa gazeti la *Wall Street Journal*, akatekwa na kuuawa Karachi mwaka 2002. Timu za shule ziliitwa Braves, kwa picha ya Mhindi Mwekundu, hadi mamlaka ya shule za Los Angeles ilipopiga marufuku nembo za namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo ni Patriots. Ulikuwa uamuzi wa haki.

Miaka ya Braves haikuwa ya neema tu. Mwaka 1978 wapiga kura wa California waliweka kikomo kwa kodi ya majengo na ardhi, na shule za umma za jimbo zima zikapoteza chemchemi kubwa ya fedha. Fedha kidogo iliyobaki iligawiwa kutoka makao makuu ya mfumo wenye mamia ya shule, na mkuu wa shule alikuwa na sauti ndogo sana katika matumizi yake.

Hapo ndipo shule za mkataba zilipopata mvuto. Minnesota ilipitisha sheria yake mwaka 1991, California ikafuata mwaka 1992. Shule ya mkataba hubaki shule ya umma: haitozi ada, hulipwa na serikali kwa kadiri ya wanafunzi ilio nao, na waombaji wakizidi nafasi huchaguliwa kwa bahati nasibu hadharani. Kinachobadilika ni mwamuzi. Bodi ya shule yenyewe ndiyo hupanga bajeti, huajiri na kuchagua namna ya kufundisha, kisha baada ya muda uliowekwa huenda kuomba mkataba upya, na matokeo yake yakiwa mezani. Wanaosema kwamba Birmingham "iliuzwa" ilipogeuzwa shule ya mkataba wanakosea. Sheria inazitaka shule zilizogeuzwa hivi ziwape kipaumbele watoto wa mtaa uliokuwa ukizitegemea tangu awali.

Sheria hiyo pia haimruhusu mkuu wa shule kugeuza shule peke yake. Angalau nusu ya walimu wenye ajira ya kudumu lazima watie saini. Mjadala wa Birmingham ulikuwa mkali. Walimu waliofundisha milango jirani kwa miaka walijikuta pande mbili: wengine wakitaka uhuru wa kuamua, wengine wakihofia kupoteza ulinzi wa ajira chini ya mamlaka ya shule za Los Angeles. Wote, naamini, waliipenda shule. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2009. Kitengo cha uandishi wa habari, kilichokuwa kimepewa jina la Daniel Pearl, hakikujiunga. Kilijitenga na kuwa shule kamili chini ya mamlaka hiyo ya shule za Los Angeles, juu ya ardhi ile ile.

Kwa hiyo leo, palipokuwa na wodi za Dakta Bors, pana zaidi ya shule moja ya umma. Birmingham, yenye wanafunzi wapatao 3,000, wengi wao wa familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini, inajiendesha kwa mkataba wake. Shule ndogo ya mkataba inayotilia mkazo teknolojia imepata makao hapo tangu 2002. Na shule ya Daniel Pearl inawafundisha vijana kazi iliyokuwa yake. Mtoto wa Lake Balboa anayemaliza darasa la 8 anaweza kuomba nafasi katika yoyote kati ya hizo tatu, na mzazi wake hatadaiwa ada.