Nta Nyekundu ya Loretto

Wiski nyingi za siku hizi hazina maringo. Unazungusha kifuniko, unasikia kikikatika, unamimina. Chupa iliyochovywa nta ina mambo yake. Unaikwangua kwa kisu, nayo inamenyeka vipande vidogo vidogo. Vingine vinakuingia chini ya kucha, vingine vinatapakaa kaunta, na kimoja, hakikosi, kinaelea kwenye glasi ya mteja. Baamedi aliyezungukwa na watu Ijumaa usiku akiiona rafuni huipita kwanza.

Zamani udhia huo ulikuwa na sababu. Warumi waliziba mitungi yao ya mvinyo kwa lami. Chupa za kioo zilipoenea Ulaya, vizibo vya gome la mti vilipigwa lakiri kwa kuwa gome hukauka, hutafunwa na wadudu na panya, na hung'olewa kwa urahisi na mchuuzi mwenye mkono mrefu. Huyo wa mwisho ndiye aliyeisumbua zaidi Marekani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 wiski ya Kentucky iliuzwa kwa pipa, na kati ya pipa na mnywaji palipita watu wa kuongeza maji, rangi na mengine yasiyosemeka. Mwaka 1870 George Garvin Brown wa Louisville alianza kuuza Old Forester katika chupa zilizofungwa, na mwaka 1897 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya wiski inayowekwa na kufungwa chini ya usimamizi wa serikali. Baadaye vikaja vifuniko vya kuzungusha na karatasi za plastiki za kubana shingo. Nta ikabaki haina kazi.

Aliyeirudisha ni mwanamke mmoja, tena baada ya kazi ya nta kwisha, na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanzia.

Bill Samuels alitoka katika ukoo wa watengeneza wiski. Mwaka 1953 alinunua kiwanda kidogo huko Loretto, Kentucky, kwa dola 35,000, akiwa na nia ya kuachana na ladha ya ukoo wake. Bourbon ni lazima iwe na mahindi asilimia 51 au zaidi. Penye nafaka ya rai, ambayo huwasha kooni, yeye akaweka ngano. Kampuni husimulia kwamba alijaribu michanganyiko yake kwa kuoka mikate ili kuokoa miaka ya kusubiri mapipa. Huenda simulizi imetiwa chumvi kidogo, lakini ni kweli kwamba wiski haiharakishwi, na kwamba mume alikuwa amezama kwenye kilichomo ndani ya chupa.

Nje ya chupa alimwachia mkewe, Margie, na hakuna uamuzi wake mwingine uliomlipa kama huo. Margie alikuwa amesoma kemia Chuo Kikuu cha Louisville. Alipenda vyombo vya kale vya bati, ambavyo mafundi wake waligonga muhuri chini yake kama ushahidi wa kazi zao. Humo ndimo alimotoa jina la wiski yao, Maker's Mark. Alikusanya pia chupa za zamani za konyaki, nyingine zikiwa na nta shingoni. Akaanza kuchemsha nta nyumbani, kwenye kikaango cha umeme cha kukaangia vyakula, akitafuta mchanganyiko usiopasuka safarini wala usioteleza kwenye kioo. Chupa ya kwanza ilichovywa mwaka 1958.

Hadi leo kazi hufanywa kwa mkono. Mfanyakazi hushika chupa kitakoni, huipindua, huzamisha shingo ndani ya nta ya moto, huizungusha kidogo, kisha huisimamisha upesi. Nta inayobaki huteremka yenyewe, michirizi mirefu na mifupi, na hakuna chupa mbili zinazolingana.

Kampuni iliiandikisha michirizi hiyo kuwa alama ya biashara mwaka 1985, mwaka aliofariki Margie. Kisha tekila ghali ya Jose Cuervo, Reserva de la Familia, ikaingia madukani Marekani na nta nyekundu inayotiririka vilevile. Kesi ilifunguliwa mwaka 2003. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kumiliki kama alama kitu ambacho bidhaa inakihitaji ili ifanye kazi, na Cuervo wakajaribu kupita mlango huo. Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita iliukataa utetezi wao Mei 2012: ziko njia nyingine za kuziba chupa kwa nta ikapendeza. Zuio la mahakama ya chini dhidi ya michirizi ya nta nyekundu likabaki, ingawa halikuwazuia kutumia nta. Cuervo walikwisha kurudi kwenye nta nyekundu iliyokatwa wima, isiyochirizika.

Kwa maneno mengine, mchirizi ule umelindwa kwa sababu hausaidii kitu. Ungekuwa unaihifadhi wiski, kila mtu angekuwa na haki nao. Naona Margie, mwanakemia, angeifurahia hoja hiyo kuliko mawakili wote.

Kwa haki, Loretto walimhurumia mnywaji: chini ya nta wameweka utepe, ukiuvuta, nta hukatika kuzunguka shingo na kisu hakihitajiki. Viwanda vingi vidogo vilivyoiga nta, nyeusi, kijani, dhahabu, vimesahau utepe, na hivyo ndivyo vinavyolaaniwa kaunta. Nako Loretto kwenyewe wageni hupanga foleni kuchovya chupa wanazonunua, wamevaa aproni na glavu. Shauku ikiwazidi huzamisha hadi mabegani mwa chupa. Inapendeza kwenye picha, ila utepe watautafuta wenyewe wakifika nyumbani.