Moto wa Juu na Moto wa Chini

Neno kupalia hufundishwa shuleni kwa maana ya kuondoa magugu shambani. Mpishi wa pwani analo jingine: kupalia makaa, yaani kuyaweka juu ya kifuniko cha chombo kilicho motoni, ili mkate uive juu na chini kwa pamoja. Akiona kitako chataka kuungua, hupunguza makaa ya chini na kuzidisha ya juu.

Kiswahili kilifika huku Rusizi na wafanyabiashara na askari. Wajerumani waliweka kituo Shangi mwaka 1898, na Wabelgiji wakaitwaa nchi mwaka 1916. Mkate ukaitwa umugati, jina ambalo undugu wake hauhitaji shahidi. Mwanafunzi wangu wa Kamembe hulijua jina hilo. Kitenzi cha makaa hakijui.

Naye leo ana tanuri la umeme. Humwambia aweke bati kwenye wavu wa katikati, mbali na kuta ili hewa moto izunguke, kwani wavu wa chini huunguza kitako na wa juu huunguza uso. Bati jeusi hunywa joto upesi. La aluminiamu ing'aayo hukawia kuupa mkate rangi. Haya yote ni kupalia bila makaa.

Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, twakimbilia mno msamiati wa ofisi. Mimi ningeanza na kitenzi hiki, darasani, pamoja na sufuria na kifuniko chake.